Sauti Nzito, Kitu Kizito

Fundi makochi wa mtaa wetu tulimwita Besi. Siku za kazi alishinda kwenye karakana yake, misumari midogo ameibana midomoni, akiwamba viti. Mwisho wa wiki alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi. Katika makochi alikuwa mwaminifu mpaka ikakera. Mafundi wenzake walijaza viti magunia makuukuu na makatoni, wakijua kwamba mteja hukagua kitambaa tu, na kilichomo ndani hukikalia bila maswali. Besi alijaza sponji safi hata kwenye pembe ambazo hakuna kalio la binadamu lingefika. Mkewe alisema anawatandikia panya.

Ndiyo maana ilipokuja kujulikana kwamba mtu huyuhuyu alikuwa amewadanganya watu kwa miaka, na kwa kitu alichokiwamba kwa mikono yake mwenyewe, mtaa ulichukua muda kuamini. Ulipoamini, ulifidia muda uliopotea.

Mambo yalianza na amplifaya. Aliipata kwa dereva wa gari la matangazo ya sabuni, baada ya kumshonea viti vya gari. Ilikuwa kiboksi kisichozidi ndoo ya maji, ubavu mmoja umeungua kwa pasi, mkono wa kubebea umekatika na kufungwa kwa mpira wa baiskeli. Spika ilikuwamo humohumo ndani, ndogo, na maisha yake yote ilikuwa imetangaza povu. Siku ya kwanza alipochomeka gitaa la besi, kiboksi kililia kama nzi aliyenaswa kwenye kopo.

Besi hakuwa na uwezo wa kununua kingine, kwa hiyo akawa na subira. Karakana ilikuwa imejaa, akakisukuma kile kiboksi kwenye kona, chini kabisa, mgongo ukutani. Sauti ikanenepa papo hapo. Kuta mbili na sakafu zilikuwa zimeamua kumsaidia. Kisha akagundua kwamba kosa la kila mtu, pamoja na yeye, ni kuzungusha kifundo cha besi mpaka mwisho, jambo ambalo kwa spika ndogo ni sawa na kumlazimisha mtoto ameze embe zima. Akakirudisha nyuma, akapandisha sauti za katikati. Mwisho akakata kipande cha sponji ya kochi, akakipachika chini ya nyuzi, pale zinapoishia, na akaanza kupiga kwa dole gumba. Noti ikawa inaanguka mara moja na kunyamaza, kama mtu mzima anapokaa. Sauti hiyo haikupitia masikioni. Ilipanda kutoka kwenye nyayo.

Angeishia hapo, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini harusi ya kwanza aliyokwenda na kile kiboksi ilikuwa ya upande wa mkewe, wakwe wote wamekaa mstari wa mbele. Mshereheshaji, mtu aliyelipwa kwa ajili ya mdomo wake, akakiona kwenye kona.

"Jamani!" akasema kwenye kipaza sauti. "Tunajua bwana harusi leo kapata jiko. Sasa wewe wa gitaa, la kwako umelileta la nini?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mama mkwe wake alijifunika mtandio usoni, mabega yakimtikisika. Usiku ule Besi alipiga vizuri kuliko siku zote, na hakuna aliyemwambia hivyo, kwa sababu walikuwa wanasubiri kuona kama jiko litatoa moshi.

Jumatatu akaanza kuunda boksi. Lilimfika kifuani, na lilikuwa kazi nzuri kuliko kochi lolote alilowahi kutoa: ngozi bandia nyeusi iliyonyooka kama paji la uso la mtoto, misumari ya shaba pembeni, kitambaa cha kijivu mbele. Ndani hamkuwa na kitu. Kwenye kila harusi alilisimamisha mbele ya kona, na jiko akalificha nyuma yake. Besi ni sauti isiyojua foleni. Ilipita pembeni ya boksi, ikafika kwa watu, na watu wakalitazama boksi kwa heshima.

Palikuwa na kasoro moja. Boksi lilikuwa jepesi, na kwenye harusi ya pili shangazi mmoja aliyekuwa anacheza kinyumenyume aliligusa kwa makalio, likataka kuanguka. Besi akalitia matofali. Aliyafunga moja moja kwa sponji ili yasigongane, maana alikuwa fundi makini.

Toka hapo boksi lilibebwa na yeye na mpiga dramu wa bendi, jitu la miraba minne lililopenda nadharia. "Hii ndiyo spika," mpiga dramu aliwaambia watu, huku akijishika kiuno. "Sauti nzito haiwezi kutoka kwenye kitu chepesi. Uzito unatoka kwenye uzito." Kiuno kilimuuma kweli, na alikipapasa kama cheo.

Maneno hayo yalizunguka mji. Kwaya moja ya jirani ilipochangishana kununua spika ya besi, wajumbe waliingia dukani na hawakuomba kusikiliza hata moja. Walizinyanyua. Iliyoshinda ni ile iliyomshinda mhazini kuinyanyua.

Mpiga besi wa kwaya hiyo alikuwa mdogo wake mke wa Besi, msusi wa nywele. Alimpokea mgeni huyo mzito, wakamsimamisha katikati ya jukwaa, kifundo cha besi kikazungushwa mpaka mwisho ili fedha za watu zisipotee. Sauti iliyotoka ilivuma kama lori linalopanda mlima. Noti hazikujulikana ni ngapi. Sauti ya pili ilipotea njia, na ya tatu ikaifuata.

Mwalimu wa kwaya alifikiri sana. "Spika hii ni kubwa kama ya Besi," alisema. "Ya Besi inaimba. Kwa hiyo tatizo si spika." Hakumtazama msusi, na wengine wote wakamtazama kwa niaba yake. Ikaamuliwa kwamba asipobadilika kabla ya tamasha la kwaya, atarudi kwenye mstari wa waimbaji, na gitaa litapewa mpwa wa mwalimu, kijana ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kwamba ni mpwa.

Msusi akaenda karakana.

"Shemeji, nifundishe. Vidole vyangu vina kasoro."

Besi alivitazama. Vidole vile vilikuwa vimesuka vichwa vya mji mzima. Vilikuwa na nguvu, vilijua kuhesabu bila kuambiwa, na havikuwahi kukosea mstari. Alikuwa amemsikia akipiga. Alijua kwamba binti huyu alimpita mbali, na alijua pia lori lile lilitoka wapi. Ilitosha kumwambia: sogeza spika kwenye kona, punguza besi. Lakini akisema hivyo ataulizwa, mbona ya kwako iko mbele na inaimba? Na nyuma ya swali hilo kulikuwa na jiko.

"Tutavifanyia kazi, shemeji," alisema.

Wakavifanyia kazi. Kila jioni msusi alikaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, akipanda na kushuka ngazi zilezile za noti ambazo hakuzihitaji, na Besi akitikisa kichwa kama daktari. "Bonyeza zaidi." Akabonyeza zaidi. Vidole vikatoa malengelenge, malengelenge yakapasuka, akavifunga plasta. Wateja saluni wakaanza kulalamika kwamba mkono wake umekuwa mkavu, anavuta.

"Mdogo wangu anatoka damu," mke wa Besi alimwambia mezani. "Utamwambia lini?"

"Nimwambie nini?"

"Usinifanye mteja, baba watoto. Ile ngozi ulipoiwamba, upande wa pili nilishika mimi."

Besi aliinamia sahani yake. Alikuwa na mpango, alisema. Atakwenda mazoezini kwao, airekebishe spika kimyakimya, kila mtu abaki na heshima yake.

"Kila mtu," mkewe alirudia, na kuanza kukusanya vyombo kabla hajamaliza kula.

Alikwenda kweli. Akaisukuma spika kwenye kona, akisema anatafuta soketi ya umeme. Akakirudisha nyuma kifundo cha besi, mgongo wake ukiwaziba watu wasione. Kisha, ili kujaribu, akachomeka gitaa lake mwenyewe, lenye sponji chini ya nyuzi, akapiga. Ukumbi ukajaa sauti safi, ya duara. Waimbaji wakapiga makofi.

Mwalimu wa kwaya alisimama. "Mmesikia wenyewe," akasema kwa huzuni ya mtu aliyethibitishiwa maneno yake. "Spika ileile. Mikono tofauti."

Msusi alivitazama vidole vyake vyenye plasta, halafu akavificha kwapani, kama mtu anayesikia baridi. Ukumbi ulikuwa na joto.

Besi alifungua kinywa. Alichokuwa anataka kusema hatujui, kwa sababu kilichotoka ni: "Ni mazoezi tu."

Nje alimkuta shemeji yake amesimama karibu na mlango. "Asante kwa kujaribu," binti alimwambia. "Wengine hatukuumbwa na mikono. Nitawaachia gitaa, shemeji, usijisumbue tena." Alisema kwa upole, bila kinyongo hata punje. Angemtukana, Besi angelala. Alirudi nyumbani akipita uchochoro wa nyuma, njia ambayo hakuwa na sababu ya kuipita, na alipofika hakuweza kumwangalia mkewe wala lile boksi, lililosimama barazani likingoja harusi ya Jumamosi.

Kwenye mazoezi yaliyofuata alifika na mpiga dramu, wamelibeba boksi katikati yao.

"La nini huku?" mpiga dramu alihema. "Wao si wana la kwao?"

"Liweke chini, kaka. Hutalibeba tena."

Mpiga dramu alifurahi, kwa muda mfupi.

Kwaya ilikuwa imesimama kwenye mistari, gitaa limo mikononi mwa mpwa, msusi yuko mwisho wa waimbaji. Besi hakuwa na hotuba. Alipiga magoti, akachomoa misumari ya shaba kwa koleo yake ya kazi, mmoja mmoja, akakunja ngozi, akaondoa ubao wa nyuma. Halafu akaanza kutoa matofali. Aliyafungua sponji na kuyapanga sakafuni mbele ya watu wote, na kwa mazoea aliyapanga vizuri.

Mpiga dramu aliinama, akagonga moja kwa kidole.

"Hayo ni matofali," mpiga dramu alisema.

"Ndiyo."

"Miaka yote hii nimebeba matofali?"

"Ndiyo, kaka."

"Na kiuno changu?" Mpiga dramu aliwageukia wanakwaya, akitafuta shahidi. "Nimeyapandisha ghorofani! Harusi ya yule mwenye meno ya dhahabu, ghorofa ya nne, nikamwambia kila mtu kwamba ni sumaku ya spika!"

Hapo watu walicheka, na Besi aliwaachia wacheke mpaka wakatosheka. Kisha akatoka nje, akarudi na jiko, ubavu ulioungua ukiwa upande wao. Akaliweka kwenye kona. Akamwendea shemeji yake na gitaa lake mwenyewe, akalishika kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto.

"Piga, shemeji."

"Nilishaacha."

"Piga. Halafu uache."

Alipiga kwa vidole vyenye plasta. Sitajaribu kueleza. Mwalimu wa kwaya alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwa chake. Ubeti wa pili mpwa mwenyewe alikuwa amejiunga na waimbaji wa sauti ya tatu, mahali alipokuwa anapataka tangu mwanzo, maskini, ila hakuna aliyemuuliza.

Msusi alipomaliza hakutabasamu.

"Kwa hiyo ilikuwa kona," alisema.

"Kona, na kifundo cha besi. Na sponji."

"Ulijua tangu lini?"

Besi angeweza kusema jana. "Tangu ulipokuja karakana."

"Na yale mazoezi?"

"Hayakuwa na kazi yoyote, shemeji. Vidole vyako vilikuwa vizima. Nilikuwa naona haya kwa ajili ya hili jiko."

Alibandua plasta moja, akaitazama, akaibandika tena. "Mimi nilikuwa naona haya kwa ajili ya vidole vyangu," alisema. "Ungeniambia tungeona haya pamoja."

Kwaya ilikwenda kwenye tamasha na msusi kwenye besi, na ile spika nzito ikatengwa kwenye kona yake, ambako inasemekana inafanya vizuri. Bendi haikumfukuza Besi. Jiko husimama wazi kwenye harusi, na sauti ni ileile, ila sasa watu huinama kulitazama kabla ya kuisifu. Mpiga dramu amekataa kubeba kitu chochote ambacho hajakifungua.

Kilichomuuma Besi kilikuja kwa njia ya kazi. Mwezi uliofuata msusi alifika karakana kuagiza kiti cha saluni. Alichagua kitambaa, akakubali bei, wakaongea vizuri, akamwita shemeji kama kawaida. Alipokuja kukichukua, kiti kilikuwa tayari, kimewambwa, mshono umenyooka. Alikizunguka mara moja, akasimama nyuma yake.

"Nifungulie, shemeji. Nione ndani."

Alisema kwa upole uleule wa siku ile mlangoni. Wateja wengine wawili waliokuwa wamekaa waligeuka kutazama.

Ndani mlikuwa na sponji safi, mpya, mpaka kwenye pembe, kama alivyoijaza miaka yote bila kuombwa na mtu. Angeweza kumwambia. Badala yake alichukua koleo, akapiga magoti nyuma ya kiti, akaanza kuchomoa misumari.