Vigelegele vya Bandarini

Mimi mtu wa Tanga, nimekua nikisikia honi za meli, kwa hiyo mtu akinisifia bandari namtazama tu. Sasa mama wa mchumba wa mwanangu, huko kwake Sandton, kwenye matajiri wa Joburg, ana picha ya bandari ya kwao Ugiriki ukutani sebuleni, kubwa kama kitanda. Nyumba nyeupe, maji ya buluu, maua yanamwagika madirishani. Kila nikienda lazima anisimamishe mbele yake anielezee upepo wa huko unavyonukia. Na yeye mwenyewe kazaliwa Bertrams, mtaa wa pili kutoka ninapokaa mimi, juu ya duka la kona la wazazi wake. Picha ya Bertrams hana hata moja.

"Siku ukifika ndiyo utaelewa," aliniambia. Basi nikafika, na nikaelewa.

Habari yenyewe ni hivi. Mwanangu anafanya kazi benki, na huko huko benki kampenda binti wa Kigiriki. Huo Ugiriki ni wa jina la ukoo tu, maana msichana kakulia Joburg na lugha yake ni Kiingereza, sawa na mwanangu, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri sana nikimwita kula na hakisikii kabisa nikimtuma dukani. Wakapendana. Sisi tukasema alhamdulillahi, ni watu wa Kitabu, posa iende. Nikavaa, nikamwendea mama mtu Sandton. Akanichekea kwa meno, macho hayakuwemo.

"Mimi sina neno kabisa," akasema. "Ila kuna mama yangu, yuko kisiwani. Mtu wa zamani, unajua tena. Yeye ndiye wa kusema."

Binti naye akakazia hapo hapo. Bibi yake ndiye aliyemlea, pale pale juu ya duka, wakati wazazi wanaisaka Sandton. Magoti yalipomkataa, bibi akafunga duka akarudi kwao kuzeeka. "Bibi akisema hapana, Mama, basi ni hapana," binti aliniambia. Mwanangu akageuka kutazama dirishani. Mtoto mzima, ana tai na funguo za gari, anatazama dirishani ili mama yake asimwone machozi. Moyo uliniuma siku ile, nikaapa kwamba bibi huyo nitamfuata hata akiwa mwezini.

Na kwetu anayeposa ndiye anayefunga safari. Siwezi kukaa Newtown ninakouzia vitenge nikisubiri ajuza mwenye magoti mabovu aje kunibishia hodi. Mama mtu wa Sandton aliposikia nakwenda alifurahi mpaka nikashangaa. Tarehe akachagua yeye. "Nendeni wiki ile hasa," akasema, "kijiji kizima kitakuwa bandarini. Mtapokelewa na watu wote. Mama nitamwarifu mimi mwenyewe." Yeye mwenyewe asingeweza kuja, kazi zimembana, maskini. Nikamwombea dua. Mjinga mimi, nikamwombea na dua!

Ya viza sisimulii, nina presha. Ya feri nayo ningeyaficha kama mwanangu asingekuwa ameshayatangaza Bertrams nzima. Nilitapika. Mtu wa Tanga, nimeinamia ndoo, na mabibi wa Kizungu wenye kofia wananipapasa mgongo. Nilipoinua kichwa tukawa tumefika, na ile picha ya Sandton ikawa mbele yangu. Ila mpiga picha alikuwa fundi kweli kweli. Gati fupi, kanisa jeupe, mkahawa, nyumba za kuhesabika, na paka wengi kuliko watu. Ni mji ambao ukipiga chafya mwanzoni, wa mwishoni anakuombea afya. Pweza wametundikwa kwenye kamba kama soksi. Nikasema moyoni, haya ndiyo ya kunisimamishia sebuleni saa nzima?

Mwanangu na binti wakabaki nyuma wakipambana na masanduku. Mimi nilitaka kushika ardhi isiyocheza, nikatangulia. Nje ya mkahawa wazee wamekaa, kila mmoja na shanga mkononi anazipitisha vidoleni. Nikafurahi. Kumbe watu wa dhikri hawa! Baadaye nikaja kujua kwamba hawamtaji Mungu wala nini, wanachezea tu huku wakisengenya wapitao. Lakini wakati ule niliwatolea heshima zangu kwa mkono kifuani, wakaitikia.

Nikapinda kona ya kanisa, na hapo nikaona kijiji kizima uani, kama nilivyoahidiwa. Wanawake wamevaa nyeusi tupu toka kichwani hadi miguuni. Ningejuaje? Kwetu mwanamke mwenye heshima akitoka amevaa nyeusi. Nikaona nimefika kwa wenye staha zao. Padri mwenye ndevu amesimama na joho lake. Mezani kuna sinia kubwa la ngano iliyochemshwa, limefunikwa sukari nyeupe pe na kupambwa lozi, zuri utadhani limetoka kwa kungwi. Kahawa inazungushwa vikombe vidogo vidogo, kama kwetu. Halafu wote kwa pamoja wakageuka kunitazama.

Jamani, mtu umesafiri na posa ya mwanao, umefika, umekuta watu wamejipanga, sinia limepambwa, na wote wanakutazama. Utafanya nini? Kanga yangu mpya begani, nikavuta pumzi, nikapiga vigelegele. Nikapiga vile vya kumtoa bibi harusi ndani. Nilipiga mpaka paka wakatawanyika.

Kikombe kikaanguka mahali. Padri akashika msalaba wake. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeitikia, na kigelegele cha mwisho nikakimalizia kooni. Binti akaja mbio, akanong'onezana na mwanamke mmoja kwa hicho Kigiriki chake cha kuungaunga, nikaona rangi inamtoka usoni.

"Mama," akasema. "Kaka yake bibi amekufa. Leo ni arobaini yake. Mimi hata sikuambiwa kuwa anaumwa."

Arobaini! Kumbe na wao wana arobaini! Ingekuwa jambo nisilolijua ningejitetea, mgeni ni kipofu. Lakini arobaini naijua kama kiganja changu, nimepika pilau za arobaini tangu sijavunja ungo, na hapa nimeisimamia katikati nikaishangilia. Inna lillahi. Binti ameziba uso kwa mikono. Mwanangu kafika na masanduku, kaelewa, kasimama tu, na nikamwona anageuza uso kutazama baharini. Alitazama kama alivyotazama dirishani siku ile. Posa imekufa, nami ndiye niliyeiua kwa ulimi wangu.

Nilitamani kurudi kwenye ile feri nitapike mpaka Joburg. Lakini mwanamke wa kwetu akifika msibani anajua pa kwenda, hata kama kaingia kwa mguu mbaya. Nikajifunga kanga kiunoni, nikafuata mvuke wa kahawa, nikaingia jikoni nyuma ya kanisa, nikakunja mikono nikaanza kuosha vikombe. Wanawake wawili wakanifokea. Sikuwaelewa, nikaendelea kuosha. Mmoja akajaribu kuninyang'anya kikombe, nikakivuta, akakivuta, mwisho akachoka akanivalisha aproni. Nikasugua masufuria yao yale, ambayo, Mungu anisamehe, yalikuwa na masizi ya tangu vita ya Mjerumani.

Ndipo nikasikia mkongojo mlangoni, na sauti ya kizee nyuma yangu. "Hawu, mama! Nani kakufundisha kushangilia maiti?"

Kaniambia kwa Kizulu, wallahi, Kizulu cha kaunta kile nilichojifunza mimi kwa wateja wa Newtown na yeye kwa wateja wa Bertrams. Niligeuka, povu mpaka kwenye viwiko. Kabibi kafupi, keusi kwa nguo, macho makali. Watoto wetu wamezaliwa Joburg, na Kizulu hawana. Tunacho sisi wawili, wazee wa kuja.

"Gogo, nisamehe," nikasema, maana bibi kwa Kizulu ni gogo. "Nilidhani mnanipokea. Mkwe wangu aliniambia kijiji kizima kitakuwa bandarini."

"Nani alikwambia?"

"Binti yako."

Akavuta kigoda, akakaa polepole, magoti yanalia. "Binti yangu nilimpigia simu mwenyewe nikamwambia arobaini ya mjomba wake ni leo. Akasema atatuma maua." Akagonga mkongojo sakafuni. "Hakusema kuna mgeni. Na wewe umekuja kufanya nini?"

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga tangu Johannesburg, ya heshima, yenye mafumbo, na kanga doti mbili za kuyasindikizia. Yote yaliyeyuka. Nikasema tu, mikono ndani ya beseni, "Nimekuja kumwombea mwanangu mjukuu wako. Anampenda. Akimkosa ataumia sana, na mimi nitaumia."

Akauliza, "Ile sauti, kwenu mnaipiga lini?"

"Harusini. Mtoto akizaliwa. Mtu tunayempenda akija."

"Kaka yangu alikuwa na uso wa siki tangu utotoni," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kumshangilia." Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cheusi, na sijui kama yote yalikuwa ya kucheka. "Unawaona wale wanaolia nje? Nusu yao wanalilia nyumba yake. Na binti yangu anataka hapana, ila anataka itoke kinywani mwangu, yeye abaki msafi na picha yake ukutani. Nimempa vingi yule. Hii simpi."

Nikaacha kikombe kizame.

"Mjukuu wangu nimempa mwanao," akasema. "Lakini siku yangu ikifika, uje. Upige vile vile, kwa nguvu ile ile. Nisililiwe nyumba mimi."

Nililia. Silii mbele za watu, lakini nililia ndani ya maji yale ya vyombo, na yeye akanipa kikombe kingine nioshe.

Hapo hapo binti akaingia na simu mkononi, mama yake yuko hewani anataka kuongea nami. Nikaipokea na povu langu. Sauti asali tupu. "Vipi, mpenzi wangu? Poleni na safari. Wamewapokea?"

Nikamtazama Gogo. Gogo akainua mkongojo wake kidogo, kama mtu anayeruhusu ngoma ianze.

Nikapiga. Naye akajaribu kuitikia, sauti ya paka aliyekanyagwa mkia, na binti akaelewa kabla hatujamaliza, akatoka mbio kumtafuta mwanangu. Nikapangusa sikio, nikamwambia mkwe wangu tumepokelewa vizuri sana, na kijiji kizima kilikuwa bandarini, kama alivyoniahidi.