Nilimjengea mama banda la kuku, nikawamaliza kuku wake wote

Wakuu, habari za muda huu. Leo natoa la moyoni, na sitatia chumvi hata kidogo. Wenye matusi leteni tu, nimeshajiandaa.

Mimi nakaa Kilakala, hapa Moro mjini. Mama yangu yuko Mgeta, juu milimani, peke yake na kuku wake wa kienyeji. Walikuwa kumi na saba, mbegu aliyoachiwa na bibi.

Kuku hao walikuwa wanalala jikoni, kwenye moshi, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za huko kwetu.

Mimi msomi nikaona aibu. Nikamwambia, "Mama, mpaka leo unalala na kuku?"

Akacheka. "Silali nao, wanalala jikoni. Na wamelala humu tangu bibi yako yuko hai. Wamekukosea nini?"

Sikusikia. Nilishaangalia video za ufugaji mpaka nikajiona mtaalamu.

Kuna jamaa huku mjini alikuwa ameacha kufuga, anavunja banda lake. Nikachukua mbao zote, nikazipandisha kwa mama. Wala sikujiuliza kwa nini jamaa kaacha kufuga. Akili gani hizo, jamani?

Banda likasimama, zuri hasa. Majirani wakaja kushangaa.

Kuku ndio waligoma. Jioni wote wakarudi mlangoni pa jikoni. Nikawaswaga mwenyewe kwa fagio, nikawafungia bandani.

Wiki kadhaa baadaye mama akapiga simu. Kuku wamezubaa, hawatagi, na upanga wa kichwani umepauka, hauna wekundu tena.

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa, "Baridi hiyo, mama. Waongezee pumba."

Akapiga tena, wamekufa wanne. Akapiga tena, wamefika tisa. Hapo ndipo nikamtafuta bwana mifugo, tukapanda naye. Tukakuta wazima watatu tu, wamejikunyata.

Akampasua mmoja aliyekufa asubuhi hiyo. Nyama nyeupe, ini limepauka.

"Huyu kaishiwa damu," akasema.

Akaingia bandani, akachokonoa ufa wa ubao kwa kisu. Wakuu, wakadondoka papasi! Hao ni wadudu wa jamii ya kupe, wamevimba damu. Mchana wanajificha kwenye nyufa, usiku wanatoka kunyonya kuku. Walikuja na mbao zangu.

Mama alikuwa shambani. Aliporudi akaniuliza, "Wana nini, baba?"

Nikasema, "Mdondo, mama."

Sijui lilinitokaje mdomoni, maana mdondo ni ugonjwa mwingine kabisa, wa kuambukizana, unaozuiwa kwa chanjo.

Mama akajipiga mapaja. "Basi ni mimi! Siku ya chanjo ya matone nilikuwa msibani. Nimewaua mwenyewe!"

Bwana mifugo akaniangalia, akafunga mkoba wake. Na mimi nikamwacha mama aamini hivyo. Mwanaume mzima.

Wale watatu tuliwapaka dawa, lakini walikuwa wamechoka sana, wakafa wiki hiyohiyo. Banda nikalichoma, nikamdanganya tena kwamba nateketeza ugonjwa wa mdondo.

Nilichojifunza ni hiki. Kuku akipauka upanga, acha ujuaji, tafuta mtaalamu siku hiyohiyo. Funua manyoya, angalia chini ya mbawa, chungulia kila ufa. Na mbao za banda la mtu usizibebe kabla hujajua kuku wake waliishia wapi.

Hilo ndilo rahisi kuliandika.

Wiki iliyopita nilipanda kumsalimia. Kwetu mtoto akitoka mjini anachinjiwa kuku. Mama akaniwekea maharage na viazi, akakaa pembeni, hanitazami usoni.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Uzembe wangu umekukosesha hata kitoweo."

Nikamwambia, "Usijali, mama, yameisha."

Wakuu, nilimsamehe! Mimi ndiye niliyemsamehe yeye!

Jumamosi napanda tena. Mliowahi kumkosea mzazi kiasi hiki, niambieni mlianzaje kusema. Nasoma kila comment.