Siku Tuliyoificha Bahari

Kaunti ya Kwale, niliamini mimi kwa moyo wangu wote, inaishia pale miguu inapoanza kulowa. Nyumba ambayo maji makuu ya bamvua huifikia mlangoni si ya kaunti tena. Ni ya bahari, na bahari ni mali ya Nairobi. Wapimaji watakuja, watatazama kuta, na kila ukuta wenye alama ya maji utafutwa kwenye ramani, pamoja na mwenyewe, mkewe na mbuzi wake. Baada ya hapo hakuna wadi, hakuna zahanati, hakuna karo ya mtoto. Kura tutapiga pamoja na papa na pweza.

Habari hii ililetwa na mnunuzi wa kaa kutoka Shimoni. Yeye aliambiwa na shemeji yake wa Wasini, na shemeji aliambiwa na mtu aliyewahi kupeleka chai kwenye ofisi za Kwale. Kwa hivyo ilikuwa imetoka ofisini kabisa, ingali moto kama chai yenyewe.

Mimi ndiye niliyeithibitisha. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Diani, nilikokuwa nikitunza bustani ya hoteli mchana na kusoma ngumbaru jioni. Cheti nilikipata nikiwa na upara unaong'aa kiasi kwamba mwalimu alikuwa akiokoa umeme. Jiografia ndiyo iliyokuwa somo langu. Wazee waliponiuliza, nilikohoa kidogo, nikasema kitabuni imeandikwa kwamba pwani ni mahali nchi kavu inapokutana na bahari. "Sasa kama kaunti ni nchi kavu," nikawaambia, "bahari ikija mlangoni, kaunti iko wapi?" Tangu siku hiyo wakaniita Msomi.

Kijiji chetu kiko ndani ya mikoko, ukishaipita njia ya Bodo. Upande wa bara tumezungukwa na mkono wa bahari. Siku za maji mafu, bahari inapokuwa mvivu, ukingoja yakapwa, yakarudi nyuma, unavuka umekunja suruali. Bamvua likiingia ni habari nyingine: katikati panammeza mtu mrefu na kofia yake, na sisi tunageuka kisiwa mpaka bahari itakapoamua kutuachilia. Hospitali iko Msambweni, ng'ambo hiyo.

Bamvua ndilo lililomkuta dada yangu na uchungu wa mimba ya kwanza. Gari la wagonjwa lilikuja, likasimama ng'ambo, injini inanguruma, dereva anatupungia mkono. Mitumbwi yote ilikuwa imetoka. Mtoto akazaliwa kwenye matope, chini ya mikoko, juu ya kanga mbili, na wanawake wamesimama majini kumzunguka mama yake. Alipona, alhamdulillahi, na leo anakimbia kuliko mbuzi. Lakini dada alipopata mimba ya pili hakuzungumza jambo jingine ila daraja. Tukiuliza chumvi iko wapi, anajibu daraja.

Daraja lenyewe lilikuwa karibu kupatikana. Mbao na nguzo zilikuwa zimekwisha kushushwa kwenye uwanja wa ofisi ya wadi, ila zilitosha daraja moja tu la miguu, na walioliomba walikuwa wawili: sisi, na kijiji kimoja cha juu chenye mto wa msimu. Msimamizi wa wadi alituma ujumbe. Atakuja na mhandisi wa kaunti kuona mahali. Siku tuchague sisi, maana sisi ndio tunaoyajua maji yetu.

Hapo ndipo tulipobanwa. Daraja tunalitaka. Lakini mhandisi ni mtu wa kaunti, na mtu wa kaunti ana macho, na macho yataona kuta. Mwenyekiti wa kijiji, mvuvi wa kaa asiyepumua bila kushauriana, akanigeukia.

"Msomi, unasemaje?"

"Waje siku za maji mafu," nikasema. "Waje yakiwa yamekupwa. Daraja watatupa kwa sababu tumeliomba. Bahari wasiione."

Watu wakapumua. Dada yangu, tumbo limekwisha kumtangulia, akasimama mlangoni.

"Kaka, unataka mwavuli, halafu unangoja jua liwake ndipo umwite muuza miavuli?"

"Dada, haya ni mambo ya jiografia."

"Basi ukajifungulie kwenye jiografia wewe mwenyewe."

Tukafanya kazi kama watu wanaomngojea bwana harusi. Kila ukuta wenye mstari wa chumvi tuliukandika udongo, tukaupaka chokaa. Mitumbwi iliyokuwa imefungwa kwenye nguzo za baraza tuliisukuma mbali mafichoni. Mzee mmoja alikuwa na mwani uliokauka kwenye makuti ya paa lake. Tukambandulia mwani wote, naye akalalamika kwamba nyumba imebaki uchi. Nilipotazama kijiji jioni ile, wallahi, ungedhani tuko Samburu kwenye nchi kavu, kando ya barabara ya malori.

Wageni walifika asubuhi, na bahari ilitutii vizuri mno. Maji kwenye mkono yalikuwa hayafiki paja la kuku. Mhandisi, mwanamke wa bara mwenye viatu vyeupe, alivivua, akavishika mkononi, akavuka huku anazungumza. Msimamizi wa wadi, mtu wa pwani kama sisi, alikuja nyuma yake akitutazama kwa jicho la mtu aliyeonjeshwa mchuzi usio na chumvi.

Salamu zikapita, shikamoo na marahaba. Kisha mhandisi akageuka, akatazama alikotoka.

"Sasa hii daraja ni ya nini? Si mnavuka tu hivi?"

Mwenyekiti akanitazama mimi.

"Daraja ni maendeleo," nikasema.

"Sawa. Lakini maji ikijaa inafika wapi?"

Swali ndilo hilo. Nikaiona ramani ikikunjwa na sisi tumo ndani.

"Hapo hapo unapoyaona," nikasema. "Yakizidi sana, kifundoni."

"Kifundoni," mwenyekiti akaitikia.

"Mwaka mwingine hayaji kabisa," akadakia bibi mmoja nyuma, aliyependa kusaidia.

Mhandisi akamtazama msimamizi. Msimamizi akatutazama sisi, mmoja mmoja, akingoja.

"Basi mimi sina la kuandika hapa," mhandisi akasema. "Wale wa mto wako tayari?"

"Wako tayari tangu wiki iliyopita," akajibu msimamizi. Akatoa simu. "Niwaambie wakapakie mbao leo?"

Nilikuwa nimefaulu. Tulikuwa ndani ya Kwale, kavu, na daraja letu lilikuwa linaondoka. Jasho likanitoka mpaka nikahofia litaonekana kama bahari.

Dada akajitokeza kati ya wanawake. Nikamshika ncha ya kanga.

"Dada, utatufutisha!"

"Niache, kaka. Ukifutwa wewe utabaki na cheti." Akaivuta kanga yake. "Mama mhandisi, njoo huku kidogo. Usivae viatu."

Akateremka kwenye matope, pole pole, mkono mmoja mgongoni, na yule mwanamke wa bara akamfuata. Wakasimama penye mkoko mkubwa wa ukingoni. Shina na mizizi yake ilikuwa imevaa chaza, wamebanana kama vigae, kutoka chini mpaka juu.

"Hawa," dada akasema, "tumesahau kuwapaka chokaa."

Mhandisi akainama, akawagusa. "Wako hai?"

"Wako hai. Tunawala."

"Na bila maji wanaishi?"

"Hawaishi."

Dada akaupeleka mkono wake juu ya shina hadi kwa chaza wa mwisho, kisha, bila kuuinua wala kuushusha, akaurudisha kwake mwenyewe. Ukatua kifuani. Akatazama kushoto, penye upenyo wa mikoko.

"Na haya si maji ya bamvua kubwa. Lile kubwa linapita hapa, chaza wenyewe hawalifuati. Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa pale. Huyu wa pili sitaki kumzaa pale."

Simu ya msimamizi ilikuwa inaita. Upande wa pili mtu akapokea, tukamsikia akisema haloo, haloo. Mhandisi alibaki ameushika ule mkoko, akizitazama nyumba zetu nyeupe, moja baada ya moja.

"Kata hiyo simu," akasema. "Mbao ziletwe hapa. Wale wa mto tutawatafutia zingine." Kisha akapanda ukingoni na matope yamemfika kwenye mashavu ya miguu, akaja moja kwa moja kwangu. "Wewe mzee umeniambia kifundoni. Kwa nini?"

Nikamweleza yote: ramani, kuta, Nairobi, papa na pweza, chai ya ofisini. Niliyasema kwa ufasaha, nikaongeza na kitabu cha jiografia. Msimamizi aligeuka akatazama mikoko, mabega yanamtetemeka. Yeye mhandisi hakucheka. Aliweka viatu vyake chini, akasema taratibu, kama anavyosemeshwa mtu aliyeamka usingizini:

"Mpaka wa kaunti haufuati maji, mzee. Hapa ni Kwale yakijaa, na ni Kwale yakitoka."