Fundi Tepu Apimwa

Mtaani walimwita Fundi Tepu kwa sababu utepe wa kupimia haukumtoka shingoni, hata akienda kununua mkate. Alishona suti za wanaume. Atakuzungushia utepe kiunoni, atakupima mguu kwa ndani mpaka juu kabisa, huku anakuuliza habari za mpira, nawe usione kama umeguswa. "Simama wima, achia tumbo, usinidanganye," ndivyo alivyowaambia wateja wote, mabosi kwa madereva.

Mkewe alikuwa karani wa idara ya maji, mwanamke mpole wa sauti lakini akishaamua jambo humrudishi nyuma. Ndoa yao ilikuwa inaingia mwaka wa saba, na mtoto hakuna. Mke alishazunguka hospitali mpaka akachoka. Alimeza vidonge, akapigwa picha za tumbo, akapimwa mirija ya uzazi kwa dawa iliyomtoa machozi. Mwisho daktari akamwambia kwake hakuna kasoro, sasa amlete mwenzake.

Mwenzake hakuletwa.

"Mimi kwangu sina wasiwasi," Fundi alimjibu. "Nilishampa msichana mimba kabla hata sijakujua wewe."

Habari yenyewe ilikuwa nusu tu ya ukweli. Ujanani, binti mmoja wa jirani alimwambia ana mimba yake, na baada ya muda mfupi akasema imetoka. Fundi hakuuliza zaidi. Siku ile alishusha pumzi tu. Lakini miaka ilivyokwenda aliing'ang'ania habari ile, na siku ya ugomvi akamrushia mkewe usoni. Mke hakumwomba tena aende kupimwa.

Jumamosi moja umeme ulikatika dukani, Fundi akawahi kurudi nyumbani. Alikuwa mlangoni anavua viatu aliposikia sauti ya mama yake sebuleni.

"Mwanangu hawezi kuzeeka hivi hivi. Kama kizazi chako kimefunga, sema, tumtafutie mwingine."

Fundi alitega sikio amsikie mkewe akijitetea. Majibu ya hospitali alikuwa nayo.

"Ni kweli, Mama," mke alisema. "Daktari amesema tatizo ni langu. Nakuomba tu usimsumbue yeye."

Fundi alibaki ameshika kiatu kimoja mkononi. Mlango ulikuwa wazi, hatua moja tu na angekuwa ndani. Badala yake alikivaa kile kiatu, akarudi barabarani, akazunguka mitaa akivuta sigara mpaka alipoona mama yake ameondoka. Alipoingia, mkewe alimuuliza kama amekula.

"Nimeshakula," alisema. Hakuwa amekula chochote. Hakuweza tu kukaa meza moja naye.

Kliniki ya uzazi aliyoichagua ilikuwa upande wa pili wa mji, juu ya duka la miwani, mahali ambapo alidhani hana mteja hata mmoja. Alishusha kofia mpaka kwenye nyusi, akaketi. Mtu wa kiti cha pembeni akashusha gazeti. Alikuwa mkuu wa shule ya sekondari ya mtaani kwao, na suti yake ya kijivu ilikuwa bado inaning'inia dukani kwa Fundi.

"Fundi! Wewe huku?"

"Nimekuja kupima mapazia," Fundi alisema haraka. "Wanataka mapya."

Mkuu wa shule alitazama madirisha. Yalikuwa ya vioo vizito vya rangi, bila hata fimbo ya pazia. "Aa, sawa. Mimi nimemsindikiza mke wangu."

Kando yake hapakuwa na mke wala mkoba wa mke. Wote wawili wakatazama ukuta.

Nesi akachungulia mlangoni. "Baba wa sampuli ya manii! Ndiyo, wewe wa kofia!"

Fundi akainuka, uso unawaka moto. Mkuu wa shule alirudisha gazeti usoni upesi, na Fundi alimshukuru moyoni kwa heshima ile.

Chumba alichopewa kilikuwa na kochi la plastiki, sinki na feni iliyolia. Alipewa kikopo chenye mfuniko. Nyuma ya ukuta manesi walikuwa wakicheka mambo yao, naye akaona wanamcheka yeye. Alijaribu, akashindwa. Alitoka na kikopo kitupu amekificha ndani ya kofia.

"Usijali, baba, wengi huwashinda siku ya kwanza," nesi alimwambia, tena si kwa kunong'ona. "Pumzika, uje siku nyingine."

Alikaribia kutorudi. Wiki ile alikosea kukata vitambaa viwili, akamfokea mteja bila sababu, na kila mkewe alipomwekea chakula mezani alisikia yale maneno: tatizo ni langu. Akarudi, na safari hii akaweza.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa mdogo wake wa mwisho.

"Mbegu zipo, kaka, ila ni chache mno, na nyingi hazina nguvu. Inabidi nikukague."

"Hakuna daktari mwanamume?"

"Yupo, ila yuko likizo. Tumsubiri?"

Fundi alitazama sakafu. "Hapana. Endelea."

"Basi simama wima. Kohoa kidogo."

Akasimama, suruali imemwangukia miguuni, suruali aliyoishona mwenyewe kwa fahari. Daktari alifanya kazi yake kimya, kisha akavua glavu. Upande wa kushoto, alieleza, mishipa ya damu imevimba juu ya korodani. Damu inatuama, joto linazidi, mbegu zinaharibika. Kuna upasuaji mdogo. Na sigara aache leo hii.

"Mtoto siwezi kukuahidi," alisema. "Ila wengi hali zao huwa nafuu."

Fundi akamsimulia habari za yule binti wa jirani. Alitaka nini hasa, hakujua.

"Huenda ilikuwa yako, maana tatizo hili huzidi polepole," daktari alisema. "Huenda haikuwa. Hilo hatuwezi kulijua tena. Mkeo anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Mwambie, kaka. Matibabu haya ni ya wawili."

Jioni hiyo mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Fundi alisema akiwa amesimama mlangoni, macho kwenye shati ambalo mkewe alikuwa analikunja. Ni mimi, alisema. Nimepimwa. Ni mimi.

Mke aliendelea kukunja. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu waliponiambia mimi ni mzima. Tuko wangapi humu ndani?"

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ukanijibu habari za msichana wako."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alibeba zile nguo, akaenda kukaa chumba cha pili, akafunga mlango. Fundi alitamani angetukanwa.

Hata hivyo siku ya upasuaji mke alikwenda naye. Alimshikia begi, akamsaidia kushuka ngazi, Fundi akitembea kama bata, na kwenye ngazi ile mke alicheka kidogo kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kabla ya hapo Fundi alikuwa amemfuata mama yake akamweleza ukweli. Mama alimtazama mdomo wazi. "Mwanangu, nani amekufundisha kusema hivyo? Ni yeye?"

"Ni vipimo, Mama."

Mama akasema chini chini, "Basi ibaki hapa hapa. Shangazi zako wasijue." Na Fundi, kwa aibu, akakubali.

Miezi ikapita. Kipimo cha pili kilikuwa bora kuliko cha kwanza, cha tatu bora zaidi. Mke alisema amechoka na hospitali, waache kwanza kuhesabu siku. Mwaka uliofuata akashika mimba, na mtoto wa kike akazaliwa salama.

Ndugu walijaa sebuleni kumtazama mtoto. Mama yake Fundi alimpakata, machozi ya furaha yanamtoka. "Tumeomba sana," aliwaambia shangazi wote. "Hatimaye mkwe wangu amepona."

Mke aliinamisha kichwa, akatengeneza shuka la mtoto.

Fundi alisikia masikio yanawaka moto. "Hakuwa mgonjwa," alisema. Sauti ilimtoka ndogo, ikabidi arudie. "Mama, hakuwa mgonjwa. Mgonjwa nilikuwa mimi. Mimi ndiye niliyefanyiwa upasuaji. Yeye alinifichia, nami nikamwacha atukanwe."

Shangazi mmoja alikohoa. Baba yake Fundi akageuka kutazama nje. Mama akamrudisha mtoto kwa mamaye. Hakuna aliyejua pa kuweka macho, na Fundi mwenyewe alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, jasho likimtiririka mgongoni.

Mkewe akainuka, akaja mpaka mbele yake.

"Mshike," alimwambia, akimwekea mtoto mikononi. "Mimi naenda kulala kidogo."