Chumba Nilichokiziba

Mwaka wa kwanza tulipata projekta, mwaka wa pili spika, mwaka wa tatu ndiyo nikaanza kutafuta giza. Projekta na spika vinauzwa. Giza haliuzwi, inabidi ulijenge mwenyewe, na hapo ndipo nilipokosea.

Naandika haya nyuma ya daftari la hesabu la binti yangu, kurasa alizobakiza. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo sina uhakika kama napanga maneno vizuri. Ninachojitahidi ni kutomwonea mtu.

Tunakaa Mpanda, pembeni ya mji, upande wa kwenda Kasokola. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani. Mume wangu analima mahindi Kasokola. Wazo la kuwa na sinema nyumbani lilikuwa langu, halikuwa lake, nalisema mapema ili asije akabebeshwa lawama. Nilipokuwa mdogo kule kwetu Mpimbwe lilikuja gari la sinema, wakafunga kitambaa cheupe kati ya miti miwili. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu mgongoni, na kila picha ikianza kunoga analia, natoka naye pembeni. Nikarudi nyumbani sijui iliishaje. Mpaka leo sijui. Basi nikawa nasema, nikiwa na kwangu, nitaangalia picha mpaka mwisho nimekaa.

Projekta ilikuwa ya mitumba, tuliipata kwa fundi simu baada ya kuuza mahindi. Mwanga wake ulikuwa mchovu. Spika zilitoka kwenye baa iliyofungwa, na mwaka ule sare ya binti yangu sikununua mpya, nilishusha pindo la ile ya zamani na kugeuza kola. Siti mbili tulizipata gereji, zilitoka kwenye basi bovu, nikazishonea vitambaa. Skrini ni shuka jeupe tulilolivuta kwenye fremu ya mbao. Yote hayo yalichukua muda, na mume wangu hakuwahi kunikatalia hata kimoja. Alikuwa anasema tu, "Mama watoto, wewe na sinema yako," halafu anabeba.

Chumba kilikuwa cha kijana wetu mkubwa, aliyekwenda kusoma bweni. Kimepakana na stoo ya mahindi. Nyumba zetu hizi wanaozijua wanazijua: ukuta haufiki kwenye bati. Juu inabaki nafasi ya kupitisha mkono, upepo unaingia huku unatokea kule, na mwanga vilevile. Mchana picha ilikuwa kama maziwa yaliyomwagwa kwenye shuka. Usiku ilionekana, lakini usiku binti yangu analala mapema na mimi nina nguo za watu za kumaliza.

Nikaanza kuziba. Nilikwenda kuomba trei za mayai kwa wauza chipsi, mmoja baada ya mwingine. Yule wa karibu na stendi akanichungulia.

"Mama, trei zote hizi! Hao kuku wako wanataga kwa zamu?"

"Nazibia chumba."

"Chumba cha kuku?"

"Cha sinema."

Akacheka mpaka mafuta yakaanza kuungua, lakini alinipa, na wiki iliyofuata alinitunzia nyingine.

Nilikanda matope, nikachanganya na vitambaa vya cherehani, nikajaza ile nafasi ya juu upande wa nje pamoja na trei. Dirisha nikalipigilia mbao na blanketi. Mlangoni pazia la turubai. Bado mwanga ukawa unakuja. Nikatafuta unakotokea, nikaona unaingia stoo kwa juu, unapanda ukuta wa katikati, unamwagikia kwetu. Basi nikaenda nikaziba na stoo kwa nje. Ule ukuta wa katikati nikauacha wazi juu vilevile. Stoo haina dirisha, nikishaiziba kwa nje haina mwanga wa kuniharibia. Niliona kuuziba na ule ni kupoteza matope.

Nimeyafikiria hayo matope mara nyingi sana. Ndoo moja ingetosha.

Siku nilipomaliza ilikuwa saa saba mchana. Nikafunga mlango, nikashusha turubai, giza likakamata. Binti yangu, ana miaka tisa, akapiga kelele, "Mama, sioni hata mkono wangu!" Picha ikasimama kwenye shuka kama dirisha la nchi nyingine. Jirani yangu aliingia kuona. Ni mama mwenye asili ya Burundi, amekulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, siku hizi tunatumia bomba moja. Akakaa kwenye siti ya basi, akapiga makofi.

"Yebabawe! Nyie mnaugeuza mchana usiku. Kondakta yuko wapi nimpe nauli?"

Tulicheka sana. Naandika kwamba tulicheka kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sitaki ionekane nilijua.

Mwezi wa saba mahindi yakaja. Jumamosi jioni mume wangu alipanga magunia stoo, akaweka kati yake vile vidonge vya kuzuia wadudu, vinavyotoa moshi usioonekana. Akaja barazani nilipokuwa nashona.

"Mahindi nimeyawekea dawa. Msiingie stoo."

Nikasema, "Haya." Nilikuwa nimeshika pini mdomoni. Lakini nilisikia vizuri, siwezi kusema sikusikia. Usiku tulilala chumba chetu na binti yetu, upande wa mbele, ambao sikuwa nimeuziba.

Jumapili asubuhi mume wangu akarudi Kasokola kufuata magunia yaliyobaki. Mimi nikaenda misa. Binti alikuwa na mafua, nikamwambia abaki, na kama zawadi nikamwashia projekta. Nilimwachia mkeka chini, karibu na ukuta wa stoo kwa sababu huko ndiko kwenye soketi. Niliporudi alikuwa bado amelala pale anaangalia. Nikakaa kwenye siti, nikashusha turubai.

Sikumbuki ilipita muda gani. Nikasikia harufu, kama kitunguu saumu, lakini kitunguu saumu kilichooza, na ndani yake kama samaki. Jambo la kwanza nililoliogopa, Mungu anisamehe, ni spika. Nikajua amplifaya ya spika inaungua. Nikazima, nikapiga magoti nikaanza kuinusa, waya mmoja baada ya mwingine. Mbele, nyuma. Miaka mitatu ya mavuno ilikuwa ndani ya lile boksi.

"Mama, washa."

"Subiri, kuna kitu kinaungua."

"Mama, tumbo."

"Umekula nini?"

"Sijala."

Nilidhani anadeka kwa sababu nimekata picha. Kichwa changu mwenyewe kilikuwa kinagonga, nikasema ni macho ya cherehani. Nikafungua kifuniko cha amplifaya, nikaweka pua ndani. Haikuwa na joto lolote. Nikawa nashangaa: mbona haina joto? Nyuma yangu binti akatapika kwenye mkeka. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Kifua kinabana." Na mimi nikatafuta tambara la kufuta mkeka. Tambara!

Jirani alikuja kurudisha ungo. Alifungua mlango, akainua turubai, mwanga ukaingia, nikamwona anasimama na pua juu kama mtu anayesikiliza.

"Mmeweka dawa ya mahindi?"

"Ndiyo, ila iko stoo. Hatujaingia."

Alitupa ungo chini, akaingia, akamshika mtoto makwapani, akamburuta mpaka nje kwenye upepo. Mimi bado nilikuwa nimeshika bisibisi. "Toka wewe!" akanipigia kelele. "Unangoja nini? Toka!" Sijawahi kuambiwa hivyo na jirani, na namshukuru.

Nje akanieleza huku anampepea mtoto kwa kanga. "Kaka yangu alilala chumba chenye magunia. Harufu ni hiihii." Hakusema kaka yake alipata nini. Sikumuuliza. Midomo ya binti yangu ilikuwa na rangi ya majivu.

Watu wakajaa. Mmoja akaleta maziwa, jirani akamzuia. Bodaboda ikatubeba wanne pamoja na dereva, mtoto katikati, kichwa chake kwenye mgongo wa jirani, na kila tuta nililisikia kwenye meno. Nilikuwa nimeweka mkono kifuani kwake kuhesabu pumzi, lakini pikipiki ilikuwa inatetemeka, sikuweza kutofautisha ipi yake na ipi ya injini.

Hospitalini nesi aliuliza, "Amekunywa kidonge?"

"Hapana. Amevuta hewa yake."

"Mama, niambie ukweli. Nyumbani kuna ugomvi?"

Nikaelewa anauliza nini. Hivyo vidonge watu wanavijua kwa mambo mengine. Jirani akataka kumjibu kwa hasira, nikamshika. Nesi alikuwa na haki ya kuuliza, mtoto mwenye sumu hawezi kujitetea. Nikamweleza: stoo, ukuta, trei za mayai, matope. Nilivyokuwa naeleza nikajisikia ninavyosikika, kama mtu aliyejenga mtego kwa miaka mitatu akauwekea na viti.

Daktari alikuwa kijana, alisema taratibu. "Dawa ya kuiondoa hii sumu hakuna. Tunamsaidia apumue, tunaangalia moyo na mapafu. Hapo tunapaogopa mpaka kesho kutwa." Nilipenda alivyosema tunapaogopa. Hakunificha, wala hakuniacha niogope peke yangu. Mimi pia walinipima. Nilikuwa nimekaa muda mfupi, tena juu kwenye siti. Yeye alikuwa chini kwenye mkeka tangu asubuhi, mahali nilipomlaza kwa mkono wangu.

Mume wangu alifika na maganda ya mahindi kwenye nywele. Alisimama miguuni pa kitanda.

"Nilikuambia," akasema. "Mama watoto, nilikuambia msiingie stoo."

"Hatukuingia."

Akasema, "Aliyeniuzia alisema msilale humo. Nikajua anasema stoo."

"Labda alisema nyumba."

"Labda. Sikumbuki." Akajifuta uso. "Lakini mwaka jana niliweka. Vidonge vilevile, magunia yaleyale. Kijana wetu alikuwa amelala chumba kile wiki nzima, alikuwa likizo. Hakuna aliyeumwa."

"Mwaka jana nilikuwa sijaziba."

Nilikuwa nimeshalijua tangu kwenye pikipiki, lakini ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo. Nyumba ilikuwa inapumua kwa ile nafasi ya juu, mimi nikaifunga pua. Mume wangu angeweza kusema basi, ni wewe. Hakusema. Alisema, "Niliziona trei. Nilikushikia ngazi." Na hilo ni kweli pia, alinishikia. Sijui tugawane vipi. Nimejaribu kugawa mara nyingi, kila mara fungu langu linakuwa kubwa, halafu naogopa kwamba hata hiyo ni namna ya kujisifu.

Usiku ule siuandiki.

Jumatatu binti yangu alikuwa amewekewa oksijeni, anaongea kwa kunong'ona, neno moja halafu anapumzika. Nilikuwa naangalia kifua chake. Kikipanda nangoja kishuke, kikishuka nangoja kipande, na kati ya kushuka na kupanda kulikuwa na mahali padogo ambapo sikuwa na mtoto. Jumanne daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu, akamwambia avute pumzi nyingi. Akavuta kidogo, akakohoa, akashika kifua. "Tutamwangalia siku moja zaidi," daktari akasema. Sikuuliza kwa nini. Nilikuwa muoga wa majibu.

Jumatano walituruhusu. Walisema mapafu yanasikika vizuri, lakini tukiona anachoka au anahema haraka turudi saa hiyohiyo. Nikamuuliza nesi, yule wa Jumapili, nitajuaje kama ni kuchoka kwa kawaida.

"Utajua, mama."

Sikuamini. Jumapili nilikuwa naye chumba kimoja na sikujua.

Tulipofika nyumbani mume wangu alikuwa uani na nyundo. Bwana shamba alimwambia afungue kila kitu na akae mbali na nyumba. Alifungua, akakaa mbali siku nzima. Halafu nadhani hakuweza tena kukaa mbali. Matope yote ya juu alikuwa ameyabomoa. Mbao za dirisha ameng'oa. Bati mbili ameziondoa, jua likawa limesimama katikati ya chumba. Trei za mayai zilikuwa rundo uani, zimekanyagwa. Shuka la skrini lilichanika kutoka juu mpaka chini, sijui kwa bahati mbaya au kwa makusudi. Siti za basi zilikuwa nje, kuku amepanda juu ya moja.

Hakunitazama mimi. Alimtazama mtoto.

Binti yangu alisimama mlangoni mwa kile chumba ameshika kanga yangu. Aliangalia shuka, akaangalia bati, akaangalia trei. Kisha akalia. Siyo kwa ule mnong'ono wa hospitali. Alifungua mdomo wote, akavuta pumzi, akalia kwa sauti iliyofika mpaka bombani, nikamsikia jirani anauliza kuna nini tena. "Baba umeharibu! Umeharibu sinema yetu!"

Mume wangu aliweka nyundo chini. "Nitaitengeneza, mwanangu, nyamaza. Nyamaza, utachoka."

"Mwache," nikasema. "Mwache alie kidogo."

Nikapiga magoti nyuma yake, nikaweka kiganja mgongoni, chini ya mabega. Pumzi ilikuwa inaingia mpaka mwisho, inatoka, inaingia. Katikati akakohoa mara moja, akanyamaza, na mkono wangu ukabaki pale umeganda. Kisha akavuta tena, akaendelea kulia.