Suruali ya Gidamis ya Kupandia Farasi

Gidamis alikuwa kijana wa Kibarbaig, mrefu, mkimya, mtu wa ng'ombe tangu utotoni. Hakwenda kutafuta kazi kwa Mzungu. Kazi ndiyo iliyomfuata. Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha karibuni, na shamba la ngano la Bwana Kijiko lilikuwa likiteremka kutoka mlima Hanang mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja uzio wake ukapita katikati ya malisho ya marehemu baba yake. Gidamis akatazama upande huu, akatazama upande ule, akaona heri awe ndani ya uzio kuliko nje.

Bwana Kijiko aliitwa hivyo kwa sababu alipima kila kitu kwa kijiko, tangu chumvi ya vibarua hadi dawa ya mbwa. Alikuwa na farasi jike mwekundu, Dachesi, mnyama mwenye kiburi aliyemwangusha bwana wake na kumvunja mfupa wa bega. Mtu pekee aliyemkubali alikuwa Gidamis. Gidamis hakujua kwamba farasi hupandwa kwa upande wa kushoto. Alimrukia popote alipomkuta, lubega yake, shuka la begani, ikipepea, mwili ukinuka samli, na Dachesi akaizoea ile harufu akaipenda.

Basi mke wa Bwana Shauri, mtawala wa Kizungu wa Mbulu, akaamua yafanyike maonyesho ya farasi pale Katesh, kama ya kwao Ulaya. Farasi wa wilaya nzima walikuwa wachache mno, lakini masharti yalikuwa mengi. Kubwa lilikuwa hili: asiyevaa sawasawa hakanyagi uwanja. Bwana Kijiko, bega likiwa bado limefungwa kitambaa, akachana picha ya mpanda farasi kwenye gazeti la kwao, akampa Gidamis.

"Nenda Dongobesh kwa fundi. Aseme ukweli kama anaweza. Kama anaweza, akushonee kama hivi. Kama hivi kabisa!"

Fundi mwenyewe alikuwa Seifu, mtu wa makamo, mwenye cherehani barazani na futi shingoni. Mkewe Sada alikuwa kando yake akitia vifungo.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo."

"Na watu je?"

"Nao hawajambo."

Seifu akaipokea picha. Akaitazama kwa karibu, akaipeleka mbali, akaitazama tena. Picha ilimwonyesha yule mpanda farasi kwa ubavu.

"Huyu mtu ana mguu mmoja," alisema.

"Wa pili uko upande wa pili wa farasi," alisema Sada bila kuinua macho.

"Umeuona?"

"Sijauona, Baba Saleh, lakini..."

"Basi usiniapie kitu ambacho hukukiona."

Gidamis akaeleza kwamba Bwana Kijiko, ambaye naye alikuwa mpanda farasi kabla ya kuangushwa, ana miguu miwili, na kwamba yeye mwenyewe Gidamis anayo miwili na angependa yote ivae. Seifu akakubali, ingawa kwa shingo upande. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomkera zaidi.

"Huyu amekaa," alisema. "Mimi nimeshona suruali za makarani, za askari, za makatekista. Zote ni za kusimama. Hii ni ya kukaa, na nguo ya kukaa lazima mwenyewe apimwe amekaa."

Gidamis hakuona kosa katika maneno hayo. Pipa la mafuta ya taa likalazwa mbele ya baraza, akalipanda. Ilikuwa siku ya mnada, na watu wa mnada wana muda. Wakajaa. Bibi mmoja mwenye kikapu cha viazi akauliza kijana anasafiri kwenda wapi. Akaambiwa hasafiri, anapimwa.

"Bana magoti! Inua kifua! Kaa kama unakwenda!" Seifu aliamuru, kalamu sikioni. Kisha akawaomba wanaume wawili walisukume pipa polepole, ili apate kipimo cha mwendo. Pipa likasukumwa, Gidamis akaenda nalo kwa heshima zote, na Seifu akakimbia pembeni akipima paja.

Kitambaa kilichokuwa na nguvu ya kufura mapajani kama kwenye picha kilikuwa kimoja tu dukani: turubai la hema la jeshi. Koti lilitokana na blanketi jeusi. Kofia ile ngumu ya kwenye picha haikupatikana, lakini Sada alichukua kibuyu, akakikata, akakipaka rangi nyeusi ya viatu na kukisugua mpaka kikang'aa kama jicho la ng'ombe.

Siku ya kujaribu, Gidamis alivaa akiwa amekaa juu ya pipa, na kila mtu akasema lo! Kweli alipendeza. Halafu akashuka. Turubai halikushuka naye. Magoti yalibaki yamekunjwa, kiuno kikabaki nyuma, akawa kama mtu aliyeondolewa kiti wakati anakaa na bado hajapata habari.

"Fundi, sisimami."

"Umetumwa ukasimame, au umetumwa ukapande farasi?"

Gidamis akafikiri, akaona fundi ana haki. Akavua, akafunga mzigo, akarudi shambani kwa Bwana Kijiko.

Siku ya maonyesho ikafika. Kamba zimezungushwa uwanjani, vizingiti vya miti vimewekwa vya kurukwa, na Wazungu wamekaa chini ya hema jeupe. Gidamis alivaa nyuma ya lori, akavuta buti kuukuu za Bwana Kijiko alizozijaza sufu ya kondoo, akavaa kibuyu. Akatoka kwa hatua fupi za bata kumwendea Dachesi.

Dachesi akamtazama, akarudi nyuma, akakoroma.

"Ni mimi," Gidamis alimwambia kwa Kibarbaig.

Sauti aliijua. Masikio yakasimama. Kisha akanusa turubai, akanusa rangi ya viatu iliyoanza kuyeyuka juani na kumtiririkia Gidamis mashavuni, akapiga mateke. Gidamis akavua kofia, farasi akatulia. Askari wa mlangoni akapiga kelele: "Vaa kofia!" Akavaa, farasi akapandwa na wazimu. Kwa nguo zile alikuwa na ruhusa ya kuingia uwanjani, ila farasi hamtaki. Bila nguo zile farasi anamtaka, ila hana ruhusa. Akaukabidhi ugwe wa farasi kwa askari, akaenda kuegemea nguzo ya uzio, kwa kuwa ndiyo namna pekee ya kupumzika aliyobakiwa nayo.

Hapo ndipo mwamuzi alipomkuta, mzee wa Kizungu aliyetoka Arusha, mwenye miwani minene. Alikuwa akikagua mavazi. Akamzunguka Gidamis mara kadhaa.

"Mkao safi sana," alisema. "Magoti, sawa. Mgongo, sawa. Na farasi yuko wapi?"

"Yuko kule, Bwana."

"Vizuri. Farasi kule, wewe hapa." Akaandika kitu, akaondoka ameridhika.

Wakati huohuo mama yake Gidamis alikuwa amefika ng'ambo ya uwanja. Alikuwa ametembea tangu alfajiri, kwani habari zilizomfikia kutoka mnadani Dongobesh zilisema mwanawe amepandishwa pipa akavunjika kiuno. Mkononi alikuwa na lubega ya mwanawe iliyobaki nyumbani, amfunike nayo akimkuta hoi. Akamwona kule mbali, amejikunja kwenye nguzo, uso umetiririka weusi. Akainua ile nguo akaipunga.

"Nani amekuvunja?" alipiga ukelele. "Mwanangu, nani amekuvunja?"

Upepo ulikuwa unatoka upande wake. Dachesi akainua pua. Harufu ya samli! Akamponyoka askari, akakata uwanja, akaruka kizingiti cha kwanza, na cha pili, na vyote vilivyofuata, bila kugusa hata kijiti, akaenda akaingiza kichwa ndani ya lubega kifuani mwa yule mama. Farasi wengine, wenye watu migongoni, walikuwa wamekataa katakata kuruka tangu asubuhi.

Wazungu wakabishana. Mwamuzi akasoma masharti upya. Yalisema farasi aruke vizingiti vyote, na mpandaji awe amevaa sawasawa. Hayakusema wawe pamoja. Gidamis na Dachesi wakatangazwa washindi, na Bwana Kijiko akapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja lake, machozi yakimlengalenga.

Ukapigwa wimbo wa Mfalme. Watu wote wakasimama wima, isipokuwa mshindi. Mke wa Bwana Shauri akaona aibu, mtu amesimama nusu mbele ya Mfalme, akaagiza haraka aletewe kiti. Gidamis akakaa, na kwa mara ya kwanza siku ile nguo zikamkaa. Na kwa kuwa kiti kilikuwa chini ya hema, akaletewa chai. Na kwa kuwa ana chai, akaletewa keki. Hakuna Mbarbaig aliyewahi kuketi pale, lakini hakuna pia aliyejua namna ya kumwondoa.

Bwana Shauri akamgeukia kwa adabu. "Habari za kwenu?"

Gidamis akaweka kikombe chini. Alikuwa amefanya kazi kwa Bwana Kijiko misimu mingi bila kuulizwa swali hilo.

"Nzuri, Bwana. Ila njia ya ng'ombe kwenda kulamba chumvi Balangida imezibwa na uzio. Tunazunguka mlima wote. Ndama wanakufa njiani."

"Uzio wa nani?"

Gidamis akamtazama Bwana Kijiko. Bwana Kijiko, aliyekuwa bado anapokea pongezi, akatazama chai yake.

"Lango dogo tu," alisema hatimaye. "Nilikuwa na nia ya kuweka lango dogo."

"Liwe kubwa," alisema Bwana Shauri, mdomo umejaa keki. "Ng'ombe wa huyu bwana watapita vipi kwenye lango dogo?"

Jioni mama yake alimkalisha kwenye jiwe akamchambua kutoka kwenye turubai kwa kisu, mshono baada ya mshono, akiuliza kila mara kama inauma. Haikuuma. Gidamis alicheka mpaka akashindwa kusema.

Lango likawekwa kabla ya mvua. Wazee wakakaa kikao, wakaona isiwe mwisho. Walikuwa na shauri la kisima, na shauri la mbuga iliyochukuliwa. Wakapeleka zile nguo kwa Seifu zishonwe upya, wakamvisha mzee Gidahosh, msemaji wao hodari, wakampeleka Mbulu juu ya punda. Karani wa boma akatoka, akamtazama tangu kibuyu hadi buti.

"Shikamoo, mzee. Una shida gani?"

"Marahaba. Nimekuja kukaa," alisema Gidahosh.

Akaletewa kiti.