Mafundo Matatu Niliyoyakata

Mume wangu ni Mrega wa Mwenga, mimi ni Mshi wa hapa Bukavu, na ile kamba iliingia nyumbani kwetu kwa upande wake. Kwao kuna kamba inayoitwa mutanga. Huvutwa mahali watu wanapokaa, na juu yake hufungwa vitu vidogo vidogo: ganda la konokono, jino la mnyama, kipande cha mkeka. Kila kitu kina neno lake, na anayetaka kusema hugusa kwanza kitu ndipo aseme. Binti yetu alipotimiza miaka mitatu, mume wangu alipigilia misumari miwili sebuleni, mmoja karibu na mlango na mwingine karibu na dirisha, akavuta uzi wa nailoni niliokuwa nimeuweka kwa kazi yangu ya ushonaji. Nilimuuliza kama amekosa pa kuanika soksi. Alisema kamba hiyo ni ya mwaka, na ni ya watoto.

Kila Jumapili baada ya misa mmoja wetu alifunga kitu cha wiki ile. Masharti yalikuwa machache, na mume wangu aliyashika kuliko anavyoshika amri za Mungu. Kitu kisinunuliwe. Aliyekileta ndiye afunge fundo, hata kama vidole vyake ni vya miaka mitatu. Na asitokee mtu wa kukiondoa kabla ya bonane, yaani sikukuu ya mwaka mpya. Siku ya mwisho ya mwaka, mchana, wali ukiwa bado jikoni, tulianzia mlangoni. Mtoto alipitisha kidole juu ya kamba, na kila kidole kilipogonga kitu tulisimama na kusimulia, bila kuruka hata kimoja, mpaka dirishani. Mkia wa samaki ulikuwa siku tuliyokula kwa dada yangu, mtaa wa Nguba, na binti yangu akalala chini ya meza. Kipande cha kalamu ya bluu kilikuwa siku aliyoandika jina lake kwenye kitambaa cha mteja wangu. Mimi niliyecheka habari za soksi ndiye niliyelia wa kwanza, mwaka alipozaliwa mdogo wake, tulipofika kwenye ile bangili ya plastiki waliyomvisha hospitalini. Nikubali tu: niliipenda kamba ile kuliko kitu chochote nyumbani, ukiacha cherehani yangu.

Mwaka huu ulianza kwa risasi. Siku mbili tulilala sisi wanne kwenye koridori, mbali na madirisha, na mdogo, ambaye wakati huo alikuwa na miaka mitatu, alifukia uso kwenye kitenge changu. Kulipotulia binti yangu alikwenda kufagia uani, akarudi na ganda la risasi kiganjani. Nilimwambia atupe. Baba yake akalichukua, akalichemsha kwenye sufuria kuukuu, akalisugua kwa sabuni, kisha akaliweka mdomoni na kulipuliza. Likatoa sauti nyembamba, kama birika linaloanza kuchemka. Mdogo akatoa uso kwenye kitenge, akacheka. Kuanzia hapo baba yao aliwaita kula kwa filimbi ile, na Jumapili akaifunga kwenye kamba kwa fundo la kwao, ambalo mimi mshonaji sijawahi kuliweza.

Jumapili iliyofuata alifunga kifungo cha shati lake la kazi. Iliyofuata, ufunguo wa ofisi yake. Ni mtumishi wa serikali, na mji ulikuwa umetekwa, ofisi ilikuwa imefungwa, na wakubwa wake walikuwa wamekwenda Kinshasa siku nyingi. Asubuhi ya Jumatatu akavuka mpaka na begi moja. Alisema wiki mbili.

Sitaki kumsingizia. Kubaki kungeweza kumletea matatizo, na wapo waliobaki wakayapata. Lakini wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa masika, masika yakaisha, na mimi nikabaki mtaani kwetu Nyalukemba na watoto wawili, cherehani moja, na wateja wanaoleta nguo za zamani zipunguzwe kwa sababu wenyewe wamekonda. Simu yangu kubwa, ile yenye picha zote, ilichukuliwa njiani nikitoka mtaa wa Cimpunda kupeleka nguo. Nikanunua simu ndogo ya tochi. Ukutani ilibaki picha ya ndoa, na humo mume wangu ana sharubu na ni mwembamba kama fimbo. Mdogo alikuwa akiiangalia na kusema yule ni tonton, yaani mjomba, kama anavyomwita kila mwanamume asiyemjua. Nilicheka. Sikuwaza zaidi.

Tuliendelea na kamba. Wiki nyingine nilikuwa sina hamu hata ya kuiona, lakini binti yangu, ambaye sasa ana miaka saba, hakukubali Jumapili ipite bure. Alifunga jino lake la maziwa. Alifunga kipande cha karatasi ya shule siku shule ilipofunguliwa tena. Na kila siku kabla ya kula alipanda kiti, akamuita mdogo wake, akapuliza lile ganda palepale lilipofungwa. Sauti ile ilinikera. Kila siku ilinikumbusha mtu asiyekuwepo, na chakula kilichokuwa kidogo. Niliona ni mchezo wa watoto, nikaacha.

Siku tatu kabla ya bonane mume wangu alipiga simu. Rezo, yaani mtandao, ilikatika mara mbili. Mara ya tatu swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Maman, kamba iko tu?"

Hakuuliza kama tumekula. Hakuuliza kama mtoto amepona kikohozi, ingawa wiki nzima iliyopita nilikuwa nimemwandikia habari ya kikohozi.

"Iko," nikamjibu. "Na sisi tuko."

Hakuelewa, au alijifanya. Alisema anakaribia kurudi, bado kidogo. Nilipokata simu watoto walikuwa kwa jirani. Nilichukua mkasi wangu wa vitambaa, ule ambao simruhusu mtu kuugusa, nikapanda kiti na kukata mafundo yake matatu. Fundo la kwetu ningelifungua kwa kucha. La kwao lilitaka chuma. Kisha nikasogeza vitu vilivyobaki ili pengo lisionekane, kazi niliyoifanya vizuri kwa sababu ndiyo kazi yangu, kuficha palipokatwa. Nikashuka ziwani na kuvitupa vyote vitatu mbali kadiri mkono ulivyoweza.

Nilikuwa na sababu, na zilikuwa nzuri. Mtu akikutwa na ganda la risasi siku hizi ataulizwa maswali. Watoto wanahitaji siku moja ya furaha bila kurudishwa koridorini. Nilijiambia haya yote nikipanda kurudi nyumbani. Ukweli ni kwamba nilikuwa na hasira, na mwenyewe alikuwa mbali, na kamba ilikuwa karibu.

Siku ya mwisho ya mwaka nilipika wali na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, nikaweka mkeka, nikawavisha magauni na mashati niliyoshona kwa mabaki ya wateja. Binti yangu alisema mwaka huu kidole kitakuwa cha mdogo wake, kwa kuwa ametimiza minne. Akamsimamisha kwenye kiti mlangoni na kumshika kiuno. Kidole kikaenda, kikagonga punje ya mahindi, tukasimulia punje. Kikaendelea, kikagonga karatasi ya shule.

Binti yangu akakirudisha nyuma kile kidole. Akakipitisha tena polepole, punje, karatasi.

"Hapa kulikuwa papa," akasema, maana ndivyo wanavyomwita baba yao.

"Ilianguka," nikasema. "Wakati nilikuwa napanguza vumbi."

"Fundo ya papa haiangukake."

Alimshusha mdogo wake, akaja akasimama mbele yangu. Hakulia, na laiti angelia.

"Iko wapi?"

"Niliitupa mu ziwa."

"Juu ya nini?"

Nikaanza na zile sababu zangu, za maswali na koridori. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto muongo.

"Sasa huyu atajua papa na nini?" akasema. "Alikuwa anasahau. Mi nilikuwa namupigia ile kila siku, namwambia, papa ni huyu."

Ndipo nikaelewa kile kiti cha kila siku, na ile sauti iliyonikera. Mtoto wangu wa miaka saba alikuwa akifanya peke yake kazi ambayo mimi niliacha kuifanya, kumlinda baba asifutike kichwani mwa mdogo wake, na chombo chake kilikuwa kimoja tu. Mimi nilikuwa nimekirusha majini nikarudi kupika.

Hatukumaliza kamba. Tulikula. Wali ulikuwa umeshika chini na hakuna aliyeniambia. Saa kumi simu ndogo ikaita, na nilijua ni nani. Safari hii rezo ilikuwa safi, nilimsikia mpaka pumzi. Alitaka kuwatakia watoto bonane. Binti yangu alikataa kwa kichwa, nikamwekea mdogo simu sikioni na kufungua sauti.

"Bonane, petit," akasema baba yake. "Unajua ni nani?"

Mtoto akaniangalia, kisha akamwangalia dada yake. Alifikiri kidogo.

"Piga filimbi," akasema.

Upande wa pili mume wangu akacheka, maana alikuwa amekumbuka. Akapiga mluzi kwa midomo. Alijitahidi, naweza kumtetea kwa hilo. Alipiga mara mbili, tatu, mluzi mzito wa mtu mzima anayeita teksi.

Mdogo alisikiliza mpaka ukaisha. Kisha akanirudishia simu.

"Haiko papa," akaniambia. "Ni tonton."

"Anasema nini?" mume wangu akauliza. "Maman? Mutoto anasema nini?"

Binti yangu alikuwa amekaa mkekani, ameacha kula, akinisubiri.

"Rezo iko mubaya," nikamwambia.